Redio ya Ami haikuugua, stesheni ndizo zilizohama

Katika nyumba nyingi za wazee wetu wa mwambao, tangu Vanga mpaka Kiunga, bado utaiona. Imekaa kidakani au juu ya kabati, imevishwa kitambaa cha kufuma ili vumbi lisiingie, na eriali yake imefungwa uzi kwa kuwa ilikatika siku nyingi. Ni redio ya masafa mafupi iliyonunuliwa zama za ujana, na mwenyewe hakubali iguswe na mtoto.

Ami yangu mmoja wa Kizingitini, kisiwani Pate, anayo ya namna hiyo, chapa ya National. Aliinunua Mombasa mwaka 1978 kwa pesa za msimu mmoja mwema wa kamba. Ami alikuwa nahodha. Leo umri umekwenda, miguu haitaki mashua tena, na macho yameingia ukungu hata herufi za simu hazioni. Redio ndiyo iliyobaki kuwa gazeti lake, darasa lake na mwenziwe wa usiku.

Mwaka jana, zikiwa zimesalia wiki sita kuingia Ramadhani, alinitumia salamu kwa kijana mmoja wa mashua: "Mwambie mwanangu redio yangu haijiwezi. Hainiletei tena London wala Ujerumani. Aipeleke kwa fundi, na gharama nitatoa mimi."

Redio ikanifikia Mombasa ndani ya kikapu cha ukindu, imefunikwa kwa kanga. Nikaichukua mpaka kwa fundi mmoja ambaye jina lake nitalistiri. Aliifungua, akapuliza vumbi, akatikisa kichwa mfano wa daktari, kisha akasema kuna kitu ndani kimekufa na dawa yake ni shilingi 1,500. Baada ya juma moja akanirudishia. Nikaiwasha usiku ule, na kelele ilikuwa ni ileile, kama mafuta yanayokaangia samaki.

Nikaipeleka kwa fundi wa pili, mzee ambaye amechoma risasi kwenye redio tangu zama za Sauti ya Kenya. Huyu hakuifungua. Aliniambia nirudi baada ya sala ya isha. Niliporudi aliitoa nje ya kibanda, mbali na taa, akaungama kipande cha waya kwenye eriali, akawa anaisogeza sindano polepole. Ikaingia stesheni ya Kiarabu, safi. Ikaingia ya Kichina, kisha nyingine ya Kichina, kisha mtu akihutubia kwa lugha nisiyoijua.

"Redio hii nzima," akasema. "Haiugui. Wale aliowazoea mzee ndio waliohama."

Basi hapo ndipo nilipoanza kuelewa jambo ambalo naona linawala pesa watu wengi. Anayetaka redio ya masafa mafupi leo humwuliza mwenye duka ipi nzuri na bei gani. Swali la kwanza halikuwa hilo. La kwanza ni: wataka kusikia nini, na hicho unachokitaka kingali hewani?

WALIOHAMA

Wasomaji wa rika la Ami hawana haja ya kukumbushwa redio ilikuwa nini hapa kwetu. Kairo ilipoanza kusema Kiswahili katikati ya miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ilikosa usingizi, maana sauti ya kuwapinga iliingia mpaka barazani bila kupita forodhani. BBC ilianza idhaa yake ya Kiswahili mwaka 1957, China mwaka 1961, Sauti ya Amerika mwaka 1962, Ujerumani mwaka 1963. Januari 12, 1964, redio ya Unguja iliponguruma kwa sauti ya John Okello, mwambao wote huu ulikuwa umetega sikio, kwani nani hakuwa na ndugu ng'ambo ya pili?

Na Agosti 1, 1982, pale askari walioasi walipoiteka Sauti ya Kenya jijini Nairobi na kumlazimisha marehemu Leonard Mambo Mbotela atangaze kuwa serikali imepinduliwa, wenye masafa mafupi walikuwa na njia ya pili ya kuuliza. Asiyekuwa nayo alibaki kusikiliza alichopewa.

Stesheni hizo zilisikika kwetu kana kwamba mtangazaji yuko Lamu kwa sababu mitambo yao haikuwa mbali. BBC ilikuwa na kituo cha kurushia matangazo kisiwani Mahe, Shelisheli, kilichofunguliwa mwaka 1988. Wajerumani walikuwa na chao Kigali. Kile cha Shelisheli kilifungwa Machi 2014, na kile cha Kigali kikafungwa Machi 2015. Ami hakuambiwa. Alichokiona yeye ni kwamba redio yake imeanza kukohoa, akadhani ni uzee.

Baadaye pigo likafuata pigo. Idhaa ya Kiarabu ya BBC, ile iliyoanza Januari 3, 1938 na kuwafunza wanavyuoni wetu wengi Kiarabu cha habari, ilinyamaza Januari 27, 2023. Machi 2025 Sauti ya Amerika nayo ikafungwa mdomo kwa lugha karibu zote. Zile zilizobaki, nyingi zimepunguza saa na kubadili masafa, na wingi wa wasikilizaji wao wamehamia kwenye FM na simu.

Msomaji ataniuliza, kama ni hivyo, ya nini kuhangaika na redio ya namna hii?

Jawabu langu ni kwamba soko limepungua watu lakini halijafungwa. Idhaa ya Qur'ani ya Saudia ingali inaingia vizuri mwambao huu, mchana kwenye mita 16 na mita 19, na usiku huipata mita 25. BBC ya Kiingereza bado inarusha masafa mafupi kuelekea Afrika kwa saa kadhaa. Wachina wamejaa kila pembe. Kuna vituo vya Kiarabu na Kihindi, na vingine ambavyo mtu huvikuta kwa bahati tu, akaburudika.

Tena kuna lile la dharura. Agosti 25, 2023, usiku, umeme ulikatika karibu nchi nzima. Mei 12, 2024, nyaya za intaneti zilizolazwa chini ya bahari ziliharibika, na watu wa Kenya na Tanzania wakashinda siku wakitazama simu zisizofungua kitu. Redio ya betri haikuhusika na mambo hayo. Na kwa mtu wa Kizingitini, mtandao hata siku njema una ruhusa zake.

Lakini ikiwa unachotaka ni KBC au matangazo ya hapa Mombasa, na tangazo la mwezi kuandama likishatolewa Nairobi ulipate hapo hapo, usinunue masafa mafupi kwa ajili hiyo. Nunua redio njema ya FM na masafa ya kati, nusu ya pesa zako utakuwa umeziokoa. Hili maduka hayatakwambia.

BENDI KUMI NA MBILI

Kosa langu la pili nililifanya mwenyewe bila msaada wa fundi. Nilisema, kwa kuwa ile ya zamani nzima lakini haina FM na sindano yake haionyeshi sawasawa, nimnunulie Ami mpya. Nikaingia duka moja mjini. Rafu imejaa redio zinazong'ara kama vyombo vya arusi: ina tochi, ina kipande cha kuvuna jua, ina tundu la kadi, inaunganika na simu bila waya, na usoni imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ina bendi 12. Shilingi 1,800. Muuzaji akaiwasha, FM ikapiga kwa kishindo hadi nje barabarani. Nikatoa pesa.

Nyumbani, usiku, nikahamia masafa mafupi. La haula! Stesheni moja ya Kichina iliingia pale ilipoanza sindano, ikaingia katikati, ikaingia na mwisho. Kila nilipotafuta penginepo nilimkuta yeye. Na kati ya Wachina hao, Qur'ani ya Riyadh ilikuwa ikisikika kwa mbali, nyuma yake mtu akisoma bei za nafaka.

Yule fundi mzee alinieleza sababu. Redio za kawaida za kugeuza sindano hubadilisha mawimbi yanayoingia kuwa wimbi moja la ndani, ambalo aghalabu ni la kilohezi 455. Redio isiyo na mchujo mwema hudanganyika. Stesheni yenye nguvu huipokea mahali pake, kisha huipokea tena kivuli chake kilohezi 910 chini yake. Kwa hiyo ukikuta mtu yuleyule anasema maneno yaleyale mahali pawili palipopishana kwa kiasi hicho, mmoja wao si yeye, ni kivuli. Redio yenye vivuli vingi hata ingeandikwa bendi 40 haina maana.

Halafu hizo bendi zenyewe. Neno hilo limewapumbaza wengi. Muundaji anaweza kuikata sehemu moja ya masafa vipande vinne akaviita bendi nne, au akavihesabu FM na masafa ya kati humo humo. Usihesabu bendi. Angalia namba zilizochapwa kwenye uso wa redio zinaanzia wapi na zinaishia wapi.

Masafa mafupi kwa jumla ni kati ya megahezi 3 na 30, na matangazo yamepangwa kwenye vijia vyake. Mita 49 iko karibu na megahezi 6, mita 41 kwenye 7 na kitu, mita 31 karibu na 9.5, mita 25 karibu na 12 kasoro, mita 19 kwenye 15, mita 16 karibu na 17.5 mpaka 17.9. Ukitaka kujigeuzia mwenyewe, gawanya 300 kwa megahezi upate mita. Redio inayoanzia karibu 5.9 na kufika 18 bila kuruka hapo kati inamtosha msikilizaji wa mwambao. Inayokomea 12 itakunyima mchana wote.

Kwa nini mchana? Kwa sababu mawimbi haya hayaji kwetu kwa kunyooka. Hupanda juu, yakagonga tabaka la hewa lililochajiwa na jua, yakarudi ardhini mbali sana na yalikotoka. Jua likiwa kali, tabaka la chini huyameza masafa madogo, na yale makubwa kama mita 19 na 16 ndiyo hupenya. Jua likizama tabaka hilo la chini hutoweka, mita 49, 41, 31 na 25 zikafunguka. Mabaharia wetu walilijua hili bila kusoma. Ami ananiambia kuwa baharini walikuwa wakihama kutoka upande mmoja wa sindano kwenda wa pili baada ya magharibi, kama mtu anayehama kivuli.

Ile redio ya bendi 12 nimemwachia mpwa wangu, ambaye ameipenda kwa ajili ya tochi.

KWA SIKIO, SI KWA MACHO

Sasa nitasema nilivyojifunza, na asiyekubali asinifuate.

Usinunue redio ya masafa mafupi ndani ya duka mchana ukaridhika. Kuta za saruji, mabati na taa za kisasa huua mawimbi. Taa hizi mpya za umeme mdogo, chaja za simu, na vidhibiti vya umeme wa jua vinatoa kelele inayofunika kila kitu. Ndiyo maana redio ya zamani husikika mbovu kwenye nyumba mpya. Omba utoke nayo nje. Muuzaji anayekataa kukuruhusu hatua kumi nje ya mlango wake amekwisha kukujibu.

Ukiwa nje, tafuta stesheni mbili zilizokaribiana, moja ya nguvu na moja dhaifu, usikilize kama redio yaweza kuzitenganisha. Hilo ndilo la maana kuliko ukubwa wa spika. Kisha iache kwenye stesheni moja dakika kumi huku ukizungumza na watu. Ikiwa imeteleza yenyewe, nahodha wako mwenye macho mabovu atataabika kuifuata kila mara.

Redio za kisasa zimegawanyika mafungu mawili. La kwanza ni zile za sindano, mfano wa Tecsun R-9012, ambayo ni nyepesi, haina mambo mengi, inakula betri mbili ndogo za kawaida, na kwa bei ndiyo mlango wa chini kabisa wa redio ninazothubutu kumwagizia mtu. Mzee aliyezoea kugeuza kifundo hatafundishwa kitu. Lakini sindano haikuambii uko wapi hasa, na kuirudia stesheni ya jana ni kazi ya kubahatisha.

Fungu la pili ni zile zinazoonyesha namba na zinazofanya kazi ya kuchuja ndani ya kipande kimoja cha chipu badala ya koili nyingi. Hapa ndipo maendeleo ya kweli yalipo. Zamani redio ya kutenganisha stesheni sawasawa ilikuwa ya matajiri na mabalozi. Kwa chipu hizi, redio ndogo ya kutia mfukoni hufanya kazi hiyo kwa pesa ambazo mtu wa wastani anaweza kuzikusanya. Tecsun PL-380 na PL-310ET ni za namna hii, na zote mbili zatumia betri tatu ndogo za kawaida. PL-310ET ina na tundu la kuchomekea eriali ya nje, jambo ambalo kwa watu wa visiwani ni neema.

Juu yake kuna Tecsun PL-330 na XHDATA D-808, ambazo zinaweza pia kupokea mazungumzo ya mabaharia na wale wapenzi wa redio wanaozungumza wao kwa wao kutoka nchi mbalimbali. PL-330 inatumia betri ya BL-5C, ileile ya simu za Nokia 1100 zilizojaa nchi hii zamani, kwa hiyo haikosekani. D-808 yatumia betri ya mduara ya 18650, ambayo ina nguvu lakini usidhani utaipata duka la Kizingitini baada ya alasiri.

Kwa mtu anayetaka Qur'ani na habari, uwezo huo wa ziada hauna kazi. Ni kama kumnunulia mtu wa kanzu koti la baridi. Kijana mwenye shauku, hilo ni jambo jingine, anunue na Mungu amzidishie.

Swali la betri limenishughulisha kuliko yote, na watu hulipuuza. Redio yenye betri ya kuchaji ndani hupendeza siku ya kwanza. Betri ile ikifa baada ya miaka miwili na ikawa haitoki, redio imekufa nayo. Ile ya kutia mawe yanayouzwa kila duka itafanya kazi alimradi kuna duka. Lakini ziondoe betri ukiwa huitumii. Hewa yetu ya chumvi na betri iliyovuja zimeua redio nyingi kuliko watoto.

Na eriali. Hakuna redio ya bei nafuu ambayo waya hautaisaidia. Chukua waya mwembamba wa futi 20 au 30, uubane kwenye eriali au uuchomeke kwenye tundu, uupitishe dirishani mpaka kwenye mnazi au nguzo ya ua. Usiukaribishe na nyaya za umeme, na radi zikianza uuondoe. Usizidishe urefu pia, maana redio ndogo ikipewa mawimbi mengi kupita kiasi huchanganyikiwa, stesheni zikaingiliana.

SAA ZAO NA ZETU

Jambo moja dogo limewahi kuwafanya watu warudishe redio nzima dukani. Ratiba za stesheni za kimataifa huandikwa kwa saa za dunia, zile zilizokuwa zikiitwa saa za Greenwich. Sisi tuko mbele kwa saa tatu. Na kwa kuwa saa zetu za Kiswahili ziko nyuma ya saa za kizungu kwa sita, hesabu inakuwa nyepesi ajabu: chukua saa ya ratiba, toa tatu. Wakiandika saa 04, kwetu ni saa moja asubuhi. Wakiandika 17, toa tatu upate 14, na kumi na nne kwenye saa ya Kiswahili ni saa mbili za usiku. Ami alipoelezwa alicheka, akasema wazungu hawa kumbe wana adabu.

Pia ratiba hizo hubadilika mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Stesheni ikipotea ghafla siku hizo usimwite fundi. Zungusha kwanza.

Mwisho wa hesabu zangu nilimchagulia Ami ile PL-310ET. Haikupatikana madukani nilikotembea. Jamaa yetu mmoja anayefanya kazi Ghuba aliiagiza akaja nayo alipokuja likizo. Sikuichagua kwa uzuri, kwani ni kijibumba cheusi kisicho na haiba yoyote. Niliichagua kwa sababu stesheni zikishahifadhiwa ndani, mtu hugeuza kifundo kimoja tu, nazo zinakuja moja baada ya moja kwa mpango uleule. Macho hayahitajiki. Nilikaa nayo Mombasa siku nne, nikamwekea saba tu: mbili za Riyadh za mchana, mbili za usiku, BBC mbili, na moja ya Kiarabu ambayo jina lake silijui ila muziki wake ni wa zamani.

Nikaipeleka mwenyewe. Kutoka Mokowe tulipanda mashua asubuhi, na maji yalikuwa yamejaa kwa hiyo tulifika mapema. Ami alikuwa barazani. Aliipokea kwa mikono miwili, akaipima uzito, akasema, "Hii ni nyepesi. Ina kitu ndani?"

Nikaitundika waya wa futi 30 kutoka dirishani mpaka kwenye mpera. Baada ya isha nikaiwasha, nikamshika kidole nikamwonyesha kifundo. Akageuza mara moja. Akageuza mara ya pili. Ilipofika ile ya Kiarabu akasimama, akainama kuisikiliza.

"Huyu si London," akasema.

Nikamweleza kwamba London ya Kiarabu ilifungwa tangu Januari 2023. Alinyamaza muda mrefu. Aliniambia kuwa mwalimu wake wa chuo, Mungu amrehemu, alikuwa akiwakusanya vijana mbele ya redio ya kwanza ya kijiji, na kila neno gumu la habari walitakiwa walirudie kesho yake. Baadhi yao walijua Kiarabu cha redio kabla ya kukijua cha kitabu. "Na hawakuaga?" akauliza. Nikasema pengine waliaga, lakini redio yetu ilikuwa kwa fundi.

Akageuza tena. Ikaingia Riyadh, msomaji yuko katikati ya sura, sauti haina hata mkwaruzo. Ami akaondoa mkono kwenye kifundo.

"Iache hapo," akasema.

Ile National hakutaka iondoke kidakani. Anasema bado inashika masafa ya kati usiku, na mpya asiyejulikana tabia huwekewa shahidi. Kitambaa cha kufuma ndicho kilichovuliwa kikavikwa kijibumba cheusi, kikaning'inia mpaka chini kwa kuwa ni kikubwa mno.

Juma lililopita nimepata salamu nyingine kwa kijana yuleyule wa mashua. Redio ni nzima, alhamdulillahi, lakini niletewe waya mwingine wa futi 30. Ule wa kwanza wanawake wa nyumbani wameuona ni kamba njema, wameuanikia nguo.